Ukurasa wa Kushoto

Siku Mbunge aliposimama kusema bungeni kwa mara ya kwanza, mkewe alikuwa jikoni anachambua mchele, na redio ilikuwa juu ya kabati la vyombo ikiongea peke yake kama mgeni aliyezoeleka. Hakuwa akiisikiliza. Kwa miaka mitatu alikuwa amesikia wabunge wengine wakiitwa, wengine wakiongezewa dakika, na jina la mumewe likija mwishoni tu, kwenye orodha ya waliochangia kwa maandishi. Spika aliisoma orodha hiyo haraka haraka kama mtu anayefunga duka.

Basi aliposikia Spika akisema kwamba mchangiaji aliyefuata hayupo ukumbini, kisha badala yake akalitaja jimbo lao, punje za mchele zikamponyoka mkononi.

"Mama Pacha, si bwana mkubwa huyo?" aliuliza muuza maziwa, aliyekuwa mlangoni na dumu lake, mguu mmoja ndani mmoja nje.

"Ndiye," akasema Mama Pacha. "Hebu nyamaza kidogo, shoga."

Bungeni walimpa mumewe jina la Mheshimiwa Kimya, naye alilijua ingawa hawakumwita hivyo mbele yake. Mtaani ingekuwa kichekesho. Huyu alikuwa mtu wa kukodisha vipaza sauti na viti, na hapakuwa na msiba wala harusi ambayo hakuichangamsha kwa maneno yake. Watu walimchagua kwa mdomo. Lakini alipoingia kwenye ule ukumbi wa zulia na viyoyozi, akaketi mstari wa mwisho kabisa nyuma ya nguzo, mdomo ukamfia. Ndipo mkewe, ambaye elimu yake ni ya msingi tu lakini ana mwandiko uliotulia, alipoanza kumwandikia. Watu walikuja jikoni kwake na shida zao, naye aliwasikiliza huku akipika, na wakishaondoka alifungua daftari. Ukurasa wa kulia aliandika maneno ya kupelekwa bungeni, yenye adabu, yenye "Mheshimiwa Spika" kila baada ya mistari michache. Ukurasa wa kushoto aliandika ya kwake mwenyewe: nani amesema, anakaa wapi, nini asisahau, nini kisitoke. Mpiga chapa wa ofisi ya wabunge alikuwa akichapa ukurasa wa kulia peke yake, Mbunge akatia sahihi, karatasi ikapelekwa mezani. Hivyo ndivyo walivyoishi miaka mitatu, na hakuna aliyejua ila watu watatu.

Siku hiyo mpiga chapa alikuwa hajalipokea daftari. Lilikuwa kwapani mwa Mbunge.

"Mheshimiwa Spika, nakushukuru kwa kunipa nafasi," sauti ya mumewe ikatoka redioni, nyembamba kuliko anavyoijua. "Wapo akina mama katika jimbo langu wanaofika hospitali na uchungu, wakakuta chumba cha kujifungulia hakina maji wala mtu. Wanasubiri siku nzima, Mheshimiwa Spika. Wengine siku mbili. Wakiondoka hapo, hawaondoki kama walivyokuja."

"Maashallah, anasema!" muuza maziwa akapiga kofi pajani. "Kumbe anajua!"

Mama Pacha alikuwa akiyafuata maneno yake mwenyewe mstari kwa mstari, midomo ikimcheza, na alijua kwamba mstari ule ndio wa mwisho chini ya ukurasa. Akasikia karatasi ikigeuzwa. Mtu yeyote akigeuza ukurasa, jicho lake huanzia kushoto.

"Fundi cherehani," alisoma Mbunge. "Wa mkabala na mashine ya kusaga. Mimba ya tatu. Alikaa na uchungu siku mbili, mtoto hakupona. Tangu hapo, Mheshimiwa Spika, mkojo hauzuiliki. Anakalia nailoni na matambara. Wateja hawajui."

Kicheko kikaanza mahali fulani ukumbini, kidogo, kama kikohozi. Kikapokewa. Mbunge akakaza sauti.

"Asitajwe, Mheshimiwa Spika!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Meza zikapigwa. Mama Pacha alinyoosha mkono kuizima redio, lakini mkono ulifika kabatini ukabaki hapo, kwa sababu aliyekuwa akisema ni mumewe, na kuizima kusingemnyamazisha.

Waziri wa Afya akasimama kuhusu utaratibu. Alisema kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto, kwamba hospitali hiyo ina daktari, ina maji na ina gari la wagonjwa, na kwamba yeye mwenyewe alikata utepe hapo. Akaomba mchangiaji athibitishe au afute kauli. Spika akakubali. Akatoa siku tatu: Alhamisi, Mheshimiwa alete uthibitisho mezani, la sivyo afute.

Muuza maziwa alikuwa ameweka dumu chini. Alimtazama Mama Pacha, kisha akalitazama kochi la sebuleni lililoonekana kupitia mlango, kisha akamtazama tena.

"Kumbe ndiyo maana akija kwangu hakai," alisema taratibu.

"Shoga, nakuomba…"

"Mimi nina mdomo gani, Mama Pacha? Nchi nzima imesikia."

Akabeba dumu lake akaondoka, na alikuwa akienda haraka kuliko mtu mwenye maziwa.

* * *

Mbunge alirudi nyumbani Jumanne alasiri. Hakuoga, hakubadili nguo. Alikaa mezani na koti lake, daftari mbele yake, akilifungua na kulifunga.

"Ulijua kuna maneno upande wa kushoto," alisema.

"Nimeyaandika mimi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Miaka mitatu, Baba Pacha, unalibeba hilo daftari. Hukuwahi kulifungua?"

Akalifunga tena. Nje pacha walikuwa wakigombania kamba ya kuruka, na yule wa kike, mwenye sauti ya baba yake, alikuwa akishinda.

"Walipocheka," Mbunge akasema bila kuinua macho, "nilidhani wamefurahi. Nikasema, leo nimewapata. Ndiyo maana nilipaza sauti pale. Pale pa asitajwe." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilitembea hadi kantini na kichwa juu. Mwenzangu mmoja ndiye aliyenivuta pembeni akanieleza nilichosoma."

Mama Pacha alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, na vyote viwili vikakataa. Yeye naye alikuwa na lake la kusema na hakulisema: kwamba tangu jana hajapita njia ya mashine ya kusaga. Amewazungusha watoto njia ya chini, kwenye matope, wakachafua viatu, akawagombeza kwa viatu. Sketi ya shule ya binti yake ilikuwa huko kwa fundi, imekatwa, bado kushonwa. Fundi alikuja mwenyewe kuchukua vipimo, akakataa kukaa kwenye kochi, akakataa tena, na alipokazwa sana machozi yakamtoka, akasema yote pale jikoni, amesimama, mgongo ukutani. Mama Pacha alikuwa amemwambia, "Hili halivuki kizingiti hiki."

"Mnadhimu wa chama amepiga simu mara nne," Mbunge akaendelea. "Anasema nifute tu, yaishe. Waziri hataki maneno." Sasa alimtazama mkewe, na usoni mwake palikuwa na kitu ambacho hakuwa amekiona tangu kampeni. "Lakini ni kweli, Mama Pacha. Si ni kweli? Nikipata karatasi, kadi ya hospitali, chochote, nikiweka mezani, watafanya nini? Mara moja tu wanisikilize bila kucheka."

"Kadi anayo. Aliniambia yuko kwenye foleni ya upasuaji, hospitali ya rufaa."

"Basi kamwombe."

"Mimi?"

"Alikuambia wewe," akasema Mbunge. Halafu, kwa sauti ya chini: "Mimi nitamtazama na macho gani?"

* * *

Jumatano asubuhi Mama Pacha alipita njia ya juu, ile ya mashine ya kusaga. Mlango wa fundi ulikuwa wazi nusu. Ndani, mama mmoja aliyefuata sare za wanawe alikuwa ameshika kaptula mpya mikono miwili. Akaigeuza ndani nje, akaangalia mishono, kisha, kana kwamba anaangalia pindo kwa karibu, akaileta puani.

"Nyingine nitazichukua hivyo hivyo," alisema yule mama.

"Hazijashonwa, dada. Ni vitambaa."

"Hivyo hivyo vitambaa. Nitatafuta pa kumalizia, usijisumbue."

Fundi akakunja vile vitambaa, akavifunga kwa uzi, akampa. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini hivi, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, chaki sikioni. Yule mama alipotoka alimpita Mama Pacha mlangoni na kumwamkia kwa heshima zote. Mama Pacha akaona afadhali angemtukana.

"Karibu," alisema Fundi. "Umekuja kuona nakalia nini?"

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Karibu uone tu. Wote wanaangalia." Akainuka kidogo kitini, na nailoni iliyokuwa chini ya tambara ikalia. Akakaa tena. "Tangu juzi wamechukua mafungu kumi na moja. Lako lipo. Sikujua kama utalifuata au utatuma mtu."

Mama Pacha alieleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma: daftari, kulia, kushoto, mpiga chapa. Ilimbidi aseme kwamba mwandiko ni wake. Fundi alisikiliza huku akivuta uzi kwenye sindano ya cherehani, uzi ukakataa kuingia, akaulamba, akajaribu tena.

"Kwa hiyo yeye hakuwa anajua anasoma nini."

"Hakujua."

"Na wewe ulijua unaandika nini."

"Niliandika nisisahau."

"Kitu kama hiki utakisahau?" Fundi akauliza, na hapakuwa na hasira katika sauti yake, ndiyo maana Mama Pacha alishindwa pa kutazama. "Mume wangu yuko na lori, safari ya wiki mbili. Mle ndani ya lori hana rafiki ila redio. Mimi nilikuwa nimemwambia ni maumivu ya kiuno."

Mashine ya kusaga ng'ambo ya barabara iliunguruma, ikazimwa.

"Kesho wanataka uthibitisho," Mama Pacha akasema hatimaye, na alijisikia kama mwizi aliyerudi kuomba ngazi. "Asipoleta, atafuta kauli."

"Kufuta ndiyo nini?"

"Aseme si kweli. Iandikwe hivyo."

"Iandikwe kwamba mimi si kweli?"

"Kwamba maneno yake…"

"Maneno yake ni mimi, Mama Pacha." Fundi akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Akautazama mlango. "Akisimama kuwaonyesha kadi, lazima aisome?"

"Hapana. Hati zinawekwa mezani. Spika anaangalia, basi."

"Hataisoma kwa sauti?"

"Hataisoma. Nakuapia kwa wanangu."

Fundi akafungua droo ya cherehani, chini ya vifungo na zipu mbovu, akatoa kadi ya kijani iliyofunikwa kwa karatasi ya daftari. Kona zake zilikuwa zimelainika kwa kushikwashikwa. Ilikuwa na muhuri wa hospitali ya rufaa, tarehe nne zilizopita na moja iliyokuwa inakuja, na neno fistula kwa mwandiko wa daktari.

"Hii ndiyo foleni yangu. Ikipotea naanza upya," alisema. "Nimeshavuliwa nguo. Angalau wasiseme nilikuwa najivua mwenyewe. Mwambie aiweke mezani. Na kesho uje usikilizie hapa, kwangu, mlango wazi."

* * *

Alhamisi Mama Pacha alifika mapema, redio ndogo ya betri mkononi. Fundi hakuwa na kazi nyingine ila ile sketi ya binti, akawa anaishona. Kiti kilikuwa kimoja tu, kile cha Fundi. Mama Pacha alisimama, mgongo ukutani, na hakuwaza chochote kuhusu kusimama kwake mpaka miguu ilipoanza kuuma.

Nje walianza kukusanyika watu, si wengi, wanne watano, wakijifanya wanasubiri unga. Muuza maziwa alikuwemo. Kijana wa mashine ya kusaga aliizima mashine bila mtu kumwomba.

Kwanza yalijibiwa maswali. Barabara, mbolea, nguzo za umeme. Halafu Spika akasema kuna jambo lilibaki tangu Jumatatu, akalitaja jimbo, na mtu mmoja ukumbini akasema "Asitajwe!" kwa sauti ya kuigiza, na watu wakacheka kabla hata Mbunge hajasimama.

"Tulieni, waheshimiwa. Haya, Mheshimiwa. Una uthibitisho au unafuta?"

Redio ikakwaruza. Mama Pacha aliiona ile kadi kwa macho ya moyo, mfuko wa ndani wa koti, upande wa kushoto, alipoiweka yeye mwenyewe na kufunga kifungo.

"Mheshimiwa Spika," alisema mumewe.

"Naam, tunakusikia."

"Mheshimiwa Spika… nafuta kauli."

Ndivyo tu. Meza zikapigwa. Waziri akasimama kumshukuru kwa uungwana wake, akawaasa wabunge wa nyuma wasibebe maneno ya vijiweni na kuyaleta kwenye nyumba ya heshima, kwani wako wananchi, hasa wanawake, wanaopenda kutia chumvi. Wakaendelea na mbolea.

Fundi hakuwa ameinua kichwa. Mguu wake uliendelea kukanyaga, sindano ikaenda mpaka mwisho wa pindo, ikarudi hatua tatu kufunga mshono. Akakata uzi kwa meno.

"Vijiweni," akasema. "Mimi nina miaka miwili sijakaa kijiweni."

Nje mtu alicheka, mwingine akamwambia nyamaza we. Mashine ya kusaga ikawashwa.

"Kadi yangu," alisema Fundi.

"Itarudi. Nitaileta mwenyewe."

"Najua utaileta. Wewe ndiye mleta."

* * *

Ijumaa Mbunge alipovua koti, Mama Pacha hakungoja. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa ndani. Kifungo kilikuwa bado kimefungwa kama alivyokifunga yeye.

"Hukuitoa hata."

"Mnadhimu alinishika mkono mlangoni," akasema Mbunge. "Hakunifokea. Angenifokea ningeweza. Aliniuliza tu kama nataka jina langu lirudi kwenye kura za chama mwakani. Halafu akaniuliza, Spika akikuuliza ulivyoipata hati, na yale maneno uliyaandikaje, utajibu? Kwa sababu watu wanaulizana, anasema, mbona michango yako ya maandishi ina lugha nzuri kuliko wewe." Alikaa kitandani. "Nikasimama. Nikasema nitaitoa. Mkono ulikuwa hapa, Mama Pacha, juu ya kifungo. Nikamsikia yule aliyesema asitajwe. Ikanitoka tu."

"Na kesho kwenye mkutano wako wa hadhara utawaambia nini watu?"

"Nitasema ilikuwa hitilafu. Karatasi zilichanganyika."

"Na Fundi?"

"Sitamtaja."

Akaona namna mkewe alivyomtazama, akageuza uso ukutani kama mtu anayetafuta usingizi, na jua lilikuwa bado kali dirishani.

* * *

Mkutano wa Jumamosi ulifanyika uwanja wa shule ya msingi. Vipaza sauti vilikuwa vya Mbunge mwenyewe, vile vile vya misibani, viwili juu ya nguzo na kimoja juu ya paa. Alivifunga kwa mikono yake, kama zamani, na kwa muda ule wa kuunganisha nyaya alionekana mtu mwenye amani. Mama Pacha aliketi mbele kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, kadi ndani ya mkoba. Alikuwa amepanga kuirudisha asubuhi. Asubuhi akajiambia mchana, mchana akajiambia baada ya mkutano.

Mbunge alizungumza vizuri. Hapo nyumbani maneno yalimrudia. Akataniana na wazee, akasema kuhusu kisima, akasema kuhusu hitilafu ya karatasi kwa mzaha mdogo, watu wakacheka kwa huruma. Ingeisha hivyo. Lakini mzee mmoja fundi viatu akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, mwanangu, mimi nataka kuelewa. Umefuta. Kwa hiyo yule binti wa cherehani alikudanganya?"

Mbunge aliangalia kipaza sauti. "Mzee wangu, unajua, sisi viongozi tunaletewa habari nyingi. Nyingine watu wanasema kwa… kila mtu na sababu zake."

"Alitaka fidia huyo!" akadakia mtu kutoka nyuma.

"Kutia chumvi, Waziri si amesema!"

Mama Pacha hakukumbuka kusimama. Alijikuta tu yuko kwenye meza ya mitambo, kipaza sauti mkononi, na mumewe karibu yake kabisa, akinuka jasho la wasiwasi. Hakuwahi kuongea kwenye kitu kile. Pumzi yake mwenyewe ilimtisha, ilitoka kwenye nguzo kama upepo.

"Hakudanganya," alisema, na uwanja ukarudisha. "Daftari ni langu. Mwandiko ni wangu. Tangu achaguliwe, kila kilichopelekwa kwa maandishi nimeandika mimi jikoni. Fundi alinieleza mimi, na nikamwahidi halitatoka, na mimi ndiye niliyeliandika mahali pa kutokea. Kadi ya hospitali ipo, nimeiona, ina muhuri. Juzi mume wangu alikuwa nayo mfukoni."

Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe tulimchagua mama bila kujua!" na kicheko kikapasuka, kile kile cha redioni, ila hiki kilikuwa na nyuso anazozijua. Mkono wa Mbunge ulikuwa juu ya swichi ya mitambo. Aliijua swichi ile gizani. Angebonyeza, mkewe angebaki anachezesha midomo tu. Kichwa alikuwa amekiinamisha, shingo imemwiva kwa aibu, na mkono haukusogea mpaka mkewe alipomaliza na kuweka kipaza sauti mezani mwenyewe. Hakuna aliyepiga makofi.

Mama Pacha hakumngoja mumewe. Alitoka uwanjani peke yake, watu wakimpisha zaidi ya ilivyohitajika.

* * *

Fundi alikuwa amesimama mlangoni pake. Mama Pacha alimpa kadi kwa mikono miwili. Fundi aliifungua, akaangalia tarehe inayokuja, akaangalia kama muhuri haujapauka, akaifunga.

"Nimesikia," alisema. "Vipaza vya mumeo vinafika mpaka huku."

"Nilitaka wajue kwamba…"

"Safari hii uliniuliza?"

Njia nzima, kutoka shuleni hadi pale, Mama Pacha alikuwa akijihisi mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Sasa akaona alikoutua.

"Sikukuuliza," alisema.

"Hukuniuliza." Fundi alitikisa kichwa kidogo. "Ulisema kweli, na ulisema vizuri. Lakini kadi ipo, ina muhuri, umeiona. Hiyo nayo ilikuwa ya kwangu kuisema. Labda ningesema. Labda nisingesema."

Hapakuwa na neno la kuongeza, na Mama Pacha, ambaye maneno ndiyo yalikuwa kazi yake ya siri, hakulitafuta. Barabarani watu walianza kurudi kutoka mkutanoni kwa makundi, wakipunguza mwendo walipofika hapo.

Fundi akaingia ndani akarudi na sketi ya binti, imepigwa pasi, marinda yamenyooka kama mistari ya daftari. Akachukua mfuko wa plastiki msumarini, ule anaofungia wateja nguo, akaanza kuufungua mdomo.

"Mfuko acha," akasema Mama Pacha.

Fundi alimtazama. Akautundika mfuko msumarini, akampa sketi ilivyo.

Mama Pacha akashika njia ya juu, katikati ya watu, na aliwaona wanavyoiangalia ile nguo mikononi mwake, wakingoja. Muuza maziwa alikuwepo. Mzee fundi viatu alikuwepo. Akaikunja sketi mara mbili, akailaza begani, shavu lake juu yake, kama anavyobebwa mtoto aliyelala, akaenda nayo hivyo njia nzima. Ilinuka pasi na kitambaa kipya. Hakugeuka kuangalia kama Fundi amesimama mlangoni anamtazama, kwa sababu hilo nalo lilikuwa la Fundi, wala hakuwa amemuuliza.